Tangi la Watu Wawili

Mume wangu hutengeneza matangi ya maji mjini Thika, na hajawahi kurudishiwa tangi linalovuja. Nasema hivyo kwa maringo, ingawa siku aliponiambia anaunda nyambizi ya abiria, nilimuuliza kama amelala vizuri.

Nyambizi, hapa kwetu, ambako bahari tunaiona kwenye kalenda! Lakini alikuwa ameshawaza yote. Angeishusha kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa upande wa Ngoliba, yaliyojaa maji miaka mingi. Abiria wa kwanza, alisema, ningekuwa mimi. Niliapa kwamba sikanyagi humo.

"Na itaendeshwa na nini? Petroli?"

"Wapi, mama! Injini ya petroli itakula hewa yetu yote. Mota ya umeme haipumui."

Mota aliitoa kwenye tuktuk ya umeme iliyogongwa Ruiru. Akaunganisha betri sita za sola, akazifunga chini ya viti ili uzito wake uizuie nyambizi isipinduke. Ubavuni akaweka matangi mawili madogo: yakijaa maji inazama, akiyatoa kwa upepo wa kompresa inapanda. Hakuna aliyemfundisha. Nilimtazama akipima kwa kamba na chaki nikaona fahari, ila sikumwonyesha, maana angevimba kichwa.

Jaribio la kwanza aliishusha na mawe badala ya betri na watu, imefungwa mnyororo wa trekta. Ilipovutwa juu, maji yalikuwa yamefika kwenye viti. Akapapasa kila mahali alipochomelea, asione tundu. Na kule karakana alikuwa ameijaza maji pomoni, halikutoka hata tone.

Mimi nilikuwa naangalia mlango. Alikuwa ameuweka kwa ndani, vile anavyoweka vifuniko vya matangi yake, ili maji yaliyomo yaubane.

"Mzee," nikasema, "wewe umezoea maji yanayotaka kutoka. Haya yanataka kuingia. Yanausukuma mlango ufunguke."

Mafundi wenzake walikuwa wanasikiliza, na nawajua wanaume ambao wangenifokea papo hapo. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. "Ngai! Kumbe nimetengeneza tangi!"

Kesho yake aliukata mlango, akauweka kwa nje, maji yenyewe yaukandamize kwenye mpira wa kuzibia ukingo. Nilimpenda upya, nasema bila haya.

Jaribio la pili ilirudi kavu. Siku ya kushuka mtu hakunialika tena. Aliingia tu, akakaa. Nilivumilia mpaka alipoushika mlango.

"Ngoja," nikasema, nikavua viatu.

Maji ya kijani yalipanda taratibu kwenye kioo, yakatufunika. Hakuna kilichovuja. Nilimshika mkono, maana alikuwa anapapasa ukingo wa mlango kwa mara ya tatu.

"Unaogopa?"

"Sana," akasema. "Nikiwa peke yangu singeogopa. Saa hii nimekubeba wewe."