Mnazi wa Somoe

Watu wa kisiwa cha Chole wakimtaja Mfaume bin Hemedi husema alikuwa mtu wa adabu, kisha hunyamaza. Mimi sinyamazi. Mkewe, Arafa, alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, na najua adabu ile ilimgharimu nini.

Enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, Mfaume alikuwa mpimaji wa mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, katika ghala la kampuni moja ya wazungu. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, alikuwa akitoboa vilele vya minazi mpaka inakufa, na mbata ikapungua. Ndipo akaja bwana mmoja wa chuo kikuu cha huko Ulaya, mwembamba, mpole, mwenye chupa za wadudu na Kiswahili cha kuungaunga. Watu wakamwita Bwana Madudu. Chuo chake kilitaka kumjua chonga. Kampuni ilitaka chonga afe. Ungedhani wangefaana. Wapi! Meneja alisema Bwana Madudu kazi yake ni kuchungulia mashimo tu, na Bwana Madudu alisema meneja angeuza hata mizizi. Hata salamu hawakupeana.

Mfaume ndiye aliyewakalisha pamoja. Aliwaalika barazani kwake, Arafa akawapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kwa kuwa ni vigumu kugombana mbele ya sinia la mwenyeji, wakazungumza. Wakarudi tena, na tena. Wakakubaliana kampuni itoe shamba la majaribio na vibarua, chuo kitoe elimu, na kitakachogunduliwa kiwe cha wote. Mfaume akajiona mshenga wa ndoa ile. Alitembea Chole kifua mbele, na kwa hilo simlaumu.

Likabaki jambo moja. Bwana Madudu alitaka kupasua mnazi mzima, ambao chonga hajawahi kuugusa, aulinganishe na mgonjwa. Meneja akakataa katakata. Minazi yake mizima ilikuwa ya mbata. Wakaanza kupandishiana sauti pale pale barazani. Labda ili kutuliza mambo, Bwana Madudu akatupa macho uani.

"Mnazi mzuri sana huu, Mfaume. Mzuri kuliko yote."

"Wako huo, bwana," akasema Mfaume.

Sasa, kwetu ukisifia kitu cha mtu ndivyo utakavyojibiwa, iwe kanzu, iwe jogoo. Nawe unajibu, "Mungu akuzidishie," unakiacha pale kilipo. Mtoto mdogo anajua. Bwana Madudu hakujua. Alisimama, akamshika Mfaume mikono yote miwili akamshukuru, na meneja akacheka kwa furaha, maana shauri limekwisha bila kampuni kutoa mti.

Ule ulikuwa mnazi wa Somoe. Alipozaliwa, binti yao huyo wa pekee, walikizika kitovu chake uani na juu yake wakapanda nazi, kama ilivyo desturi. Somoe alizama akivushwa kwenda Utende, na bahari haikumrudisha. Hana kaburi. Arafa alibaki na mnazi ule tu, na kila asubuhi aliugusa akiuambia, "Umeamkaje, mwanangu?"

Arafa aliyasikia yote akiwa mlangoni. Wageni walipoondoka akasema, "Mume wangu, wafuate. Waambie ni wa mtoto."

"Nitasemaje, Arafa? Neno nimeshalitoa, na mgeni ameshapokea. Wataachana hawa."

"Na waachane."

Alisema atakwenda kesho. Kesho vibarua wakatangulia na mashoka. Ukweli ni kwamba aliona haya, na mpaka leo nikiandika napandwa na hasira: mtu amwonee haya mgeni, asimwonee huruma mkewe!

Mnazi ukaanguka. Vibarua wakatoa shaha, ule moyo mweupe wa kileleni unaoliwa. Bwana Madudu, ambaye hapo ndipo alipokumbuka adabu zetu, akakata kipande cha kwanza akampa mwenye nyumba. Mfaume akakipokea kwa mkono wa kulia, akala.

Arafa alimtazama mpaka akameza.

"Kitamu?" akamwuliza.

Siku ile ile alifunga nguo zake pamoja na nazi moja ya mti ule, akavuka, akaja kwetu Kanga. Hakurudi tena. Mfaume alikuja mara nyingi kumwomba radhi. Arafa alimwitikia salamu, akamwandalia chakula, basi.

Ushirika wenyewe haukufika mbali. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, shamba la majaribio likaota magugu.

Arafa alipofariki, Mfaume alikuja mazikoni. Tulipotoka makaburini akamwuliza baba, "Shemeji, ile nazi aliipanda?"

"Aliipanda."

"Mnazi wake upi?"

Baba akatikisa kichwa. Arafa aliipanda peke yake, katikati ya miche mingine ya shambani kwetu, na hakumwonyesha mtu. Baba alipomwuliza sababu, alimjibu, "Mkiujua, mtaugawa."

Mfaume alisimama kidogo akilia. Kisha akaenda kwenye mnazi wa kwanza, pale shamba linapoanzia, akaugusa.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Ilikuwa alasiri. Akaenda kwenye wa pili.