Mbuzi wa Jumatatu

Nakumbuka Jumatatu moja ambayo ilipaswa kuwa Jumatano. Usicheke bado, mwanangu. Subiri ufike katikati ndipo ucheke, maana hata mimi nilichelewa kucheka siku hiyo.

Mvi zangu si nyingi, na nikifunga kitambaa hazionekani kabisa. Lakini katika kazi hii ya kuandika programu za kompyuta, mtu aliyedumu miaka ishirini ni mzee wa ukoo, na vijana wa hapa Migwani wananiita Susu, yaani nyanya, kabla hata binti yangu hajaolewa. Nimelikubali jina. Aliyeitwa nyanya ana ruhusa ya kutoa nasaha bila kuombwa, na leo naitumia ruhusa hiyo, kwa sababu juzi nilimsikia mmoja wenu akijisifu kwamba programu yake ameiandika yote mwenyewe tangu herufi ya kwanza, na hakuna kipande hata kimoja cha mtu mwingine ndani yake. Alisema hivyo kifua mbele. Nilimwonea huruma. Kifua hicho nakijua, niliwahi kutembea nacho.

Nilikuwa nimetoka chuo tu, nimeajiriwa na mradi mmoja wa mifugo uliokuwa na ofisi kule Zombe, chumba kimoja kando ya soko. Mwaka huo homa ya mapafu ilikuwa inaua mbuzi katika kata za jirani. Na kwetu, kama unavyojua, mvua ikikataa na mahindi yakikauka, mbuzi ndiye anayebaki. Daktari Musyoka, daktari wa mifugo aliyekuwa mkubwa wangu, alikuwa amepata chanjo ya mara moja tu. Ingeletwa ndani ya barafu, na chupa ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Kila kituo kilipewa siku yake: Zombe Jumatano, Migwani Alhamisi, na vingine vikafuata. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kutuma ujumbe kwa simu za wafugaji, iwaambie ni siku gani walete mbuzi.

Kazi ndogo, si ndiyo? Programu ipokee tarehe, ijue tarehe hiyo ni siku gani ya wiki, iandike ujumbe, itume.

Sasa, kujua tarehe fulani inaangukia siku gani ni jambo ambalo waandishi wa programu walilimaliza zamani. Kulikuwa na kipande tayari cha kufanya hesabu hiyo, kimeandikwa na watu wa nchi nyingi, kimejaribiwa, kimekosolewa, kimerekebishwa. Wewe unakiandikia skripti, yaani maagizo ya mistari michache, kama mtu anayebisha hodi: unakipa tarehe, kinakupa siku. Hulazimiki kujua jikoni kwake kunapikwa nini. Daktari Musyoka, ambaye kompyuta alizijua juu juu tu, ndiye aliyenionyesha.

"Mutheu, si hii kitu iko redi? Unajisumbua na kalenda ya nini?"

Nikamjibu kwa methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaachana nami, maana ni mzee wa kanisa na hakutaka kulirudia lile neno la mwisho. Ni methali nzuri, mwanangu, ila nilikuwa nimeishika kwa upande wa makali.

Basi nikaandika kalenda yangu mwenyewe. Wiki tatu! Miezi mirefu, miezi mifupi, Februari na vituko vyake. Nilipomaliza niliichapisha kwenye karatasi, kurasa arobaini, nikaziweka juu ya meza ili kila anayeingia azione. Hakuna aliyezisoma, lakini nilihakikisha zimeonekana.

Kosa lilikuwa dogo, na ni kosa ambalo Mswahili wa Lamu hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Sisi Wakamba tunahesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Siku ya tatu tunaiita wa katatũ, nayo ni Jumatano. Ya nne ni wa kana, nayo ni Alhamisi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyozipa siku nambari ndani ya programu. Lakini ujumbe ulitakiwa uwe wa Kiswahili, lugha ya ofisi, nami nikatafsiri bila kufikiri. Siku ya tatu? Tatu ni tatu, nikaandika Jumatatu. Ya nne nikaandika Jumanne. Hata ya kwanza niliiita Jumamosi, kwa kuwa mosi ni moja, nikajipongeza kwa kukijua Kiswahili sanifu. Kumbe Kiswahili huanza kuhesabu siku zake Jumamosi, na mimi nilikuwa nimeanza Jumatatu. Kila siku ikarudi nyuma siku mbili. Tarehe yenyewe sikuiweka kwenye ujumbe, nikisema wazee hawataki tarehe, wanataka siku. Na kuijaribu, niliijaribu kwa nambari tu: nikiweka siku ya tatu, inajibu tatu. Nikasema safi.

Jumatatu hiyo asubuhi nikafungua mlango wa ofisi. Mbuzi. Mbuzi weupe, weusi, wa madoadoa, mbuzi juu ya rundo la matofali, mbuzi ndani ya kibanda cha mitumba wamejifunika blauzi, na nyuma yao watu waliotembea tangu alfajiri. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi, na kila simu ilisema Jumatatu. Chanjo ilikuwa bado iko Kitui mjini, na ingefika Jumatano.

Mzee mmoja alishaanza kuwageuza mbuzi wake.

"Sisi tunarudi," akasema, "na hiyo Wednesday yenu hamtatuona. Mtu haitwi mara mbili kama mjinga."

Wangerudi nyumbani na wasije tena, chanjo ingemwagwa, na homa ingewakuta mbuzi wote hao hawana kinga. Na lililonitia baridi zaidi ni hili: watu wa Migwani walikuwa na ujumbe unaosema Jumanne, yaani kesho yake, na vituo vyote vilivyobaki vilikuwa na siku zao za uongo, wafugaji wengi mno kuwapigia simu mmoja mmoja.

Nikakimbilia kompyuta kuitengeneza kalenda yangu. Nikabadilisha majina ya siku, na papo hapo kosa la pili likachungulia: kwenye kuvuka mwezi, siku moja ilikuwa imerukwa. Nikaziba hapo, kukatokea la tatu. Ndipo mama mmoja akaingia bila kubisha, kyondo, kikapu chake cha kusuka, mgongoni, akimvuta mbuzi wa kahawia kwa kamba. Alikuwa Mama Ndinda, kiongozi wa mwethya wa akina mama wa pale, wale wanaolima na kujengeana nyumba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Alikuwa amekuja na mbuzi saba, na hao saba ndio waliokuwa mali yake yote.

"Ni wewe umeandika Jumatatu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Nikamweleza yote huku machozi yananitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole:

"Hiyo kalenda ya kuhesabu siku, hakuna mtu alikuwa ameandika, dunia yote?"

"Wako, mama. Wengi."

"Na yao inakosea?"

"Hapana."

"Na hao watu wenye waliandika, wanajua wa katatũ ni siku gani?"

"Hawajui."

"Aiya! Sasa, mwana wakwa, ile kazi ilikuwa imeisha ndiyo umehangaika nayo wiki tatu, na hii moja yenye ni wewe tu unajua, ndiyo umekosea?"

Nimekemewa mara nyingi katika maisha yangu, na wengine walinikemea kwa sauti kubwa zaidi, lakini hakuna kemeo lililoniingia kama lile. Papo hapo yule mbuzi wa kahawia akanyoosha shingo mezani, akavuta kurasa za juu za kalenda yangu, akaanza kutafuna. Nikaruka nimnyang'anye. Mama Ndinda akanishika mkono.

"Wacha akule. Angalau imesaidia mbuzi mmoja."

Akaanza kucheka, mama aliyetembea alfajiri yote bure, akacheka mpaka kyondo kikamtoka mgongoni. Kabla sijajua, nami nilikuwa nacheka huku nafuta machozi.

Kisha akatoka nje, na sauti yake nikaisikia mpaka ndani: "Hakuna mbuzi inarudi! Wa katatũ ni kesho kutwa tu. Mwethya ya kulima tunafanya, hii ya kungoja itatushinda?" Ndani ya saa moja mambo yakawa mengine. Mchungaji akafungua ua wa kanisa, ulikuwa na uzio mzuri. Vijana wakakata matawi ya malisho, akina mama wakagawana wageni wa mbali: wewe chukua hawa wawili, mimi hawa watatu. Daktari Musyoka akawapitia mbuzi mmoja mmoja kuhakikisha hakuna anayekohoa. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mimi nikaifunga kalenda yangu, kile kilichobakizwa na mbuzi, nikaenda kubisha kwenye kile kipande nilichokidharau. Aibu yangu, mwanangu: hata kukitafuta sikuhitaji. Kilikuwa kimelala ndani ya kompyuta ileile siku zote. Nikakiandikia mistari sita. Nikakiambia kijibu kwa Kiswahili, kikajibu kwa Kiswahili. Lakini safari hii sikukubali kuamini kwa nambari. Nikamwita Mama Ndinda dirishani, nikamtajia tarehe ya Migwani.

"Hiyo ni wa kana," akasema. Nikatazama kioo cha kompyuta: Alhamisi. Tukaenda hivyo kituo baada ya kituo, yeye kwa Kikamba, kompyuta kwa Kiswahili, wakikubaliana kama wakwe wanaopendana. Jua lilikuwa bado liko juu nilipotuma ujumbe mpya, wenye siku na tarehe na neno la kuomba msamaha. Mfugaji mmoja wa Migwani alinijibu: "Tumesikia. Lakini mbuzi walikuwa wameshavaa viatu."

Siku mbili zile zilikuwa tamu, sijui nikuelezeje. Kwaya ilifanya mazoezi kama kawaida, na kila walipofika kwenye kiitikio mbuzi wakaitikia. Jumatano chanjo ikafika na barafu yake, na hakuna mbuzi aliyekosekana. Yule mzee aliyetishia kuondoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alidai alitaka sana kwenda, ila mbuzi wake walikataa. Mbuzi saba wa Mama Ndinda walidungwa mwishomwisho, na Daktari alipomuuliza kama yule wa kahawia amekula kitu, akajibiwa kwamba amekula kalenda. Siku hiyo niliimba na kwaya, nami sina sauti. Furaha ilikuwa imenizidi.

Homa ilifika mpakani kwetu mwezi uliofuata, ikapita pembeni.

Nilidhani habari imeishia hapo. Lakini Mama Ndinda alikuja tena ofisini, akaketi. "Umekula mwethya ya watu," akaniambia. "Na wewe utaenda kuwalimia lini?" Kwanza sikumwelewa. Kisha nikaelewa vizuri sana, nikavuta kiti. Tukaandika siku zote saba kwa Kikamba, herufi kwa herufi, alama zake juu zikiwa mahali pake, yeye akizitamka na mimi nikizijaribu, tukazituma kwa wenye kile kipande. Wakazipokea na kushukuru. Leo hii ukikiambia kipande hicho kikujibu kwa Kikamba, siku ya tatu kitakuambia wa katatũ, na hakitakosea. Siku ya kwanza kukiona kikijibu hivyo nilimpigia Mama Ndinda simu. Akasema, "Sasa umelima."

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu. Ile methali ya nguo ya kuazima bado ni ya kweli, lakini haihusu vitu hivi. Kipande kilichoandikwa na wengi na kuachwa wazi kwa wote ni shamba la mwethya. Ingia bila haya. Soma kwanza maagizo ya mwenye shamba, na kuuliza si ujinga. Kijaribu kwa mikono yako na kwa midomo ya watu watakaokitumia, maana kizuri cha wenzako hakikuondolei wajibu wa kutazama. Nguvu utakazookoa usizilalie. Zipeleke pale ambapo hakuna wa kukusaidia, kwenye yale mambo ya nyumbani kwenu yasiyojulikana na mtu mwingine yeyote duniani. Hapo ndipo usikosee. Na ukishakula, urudi kulima.

Ngai akũathime, Mungu akubariki, mwanangu. Akupe milango inayofunguka ukibisha, na kazi inayodumu kukuzidi wewe. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, akutumie mama wa kukuuliza maswali polepole, na mbuzi mwenye njaa.