Mnyororo wa Mlango wa Duka

Baba yangu alikuwa mtu wa pwani ambaye hakuwahi kuiona pwani. Babu wa babu yake ndiye aliyekuja Buganda na msafara wa biashara, akaoa, akasahau kurudi. Lakini umtajie baba chombo chochote kinachoelea, angekunja mikono ya kanzu na kusema, "Sisi bahari iko damuni." Mama, Mganda wa Mengo na msusi wa mikeka, alimjibu kwa upole uliojaa pilipili, akimwita bwana kwa Kiganda: "Kweli, ssebo. Ndiyo maana unaogopa kuoga maji baridi."

Basi rafiki yake Mhindi, muuza vitambaa, alipoamriwa kuondoka nchini, alimwachia baba mashua yake ndogo ya tanga iliyokuwa ikikaa Munyonyo, ukingoni mwa ziwa, pamoja na nanga, kamba nene na mnyororo wa pima tatu. Baba alimlilia rafiki yake wiki nzima. Halafu akaenda kuiona mashua, na machozi yakakauka.

Mnyororo ndio ulioleta balaa. Enzi zile Kampala nzima ilijifunga minyororo: milango, mageti, baiskeli, hata mapipa ya maji. Baba aliupima ule mnyororo mkononi akaona ni dhambi kuutupa ziwani. "Chuma kizuri namna hii kikalale topeni na kambale?" Akaufunga kwenye mlango wa duka letu, na kufuli kubwa juu yake. Nanga akaifunga kamba tupu. Na dukani humo, nisiseme uongo, kulikuwa na viberiti, majani ya chai kidogo na mizani. Sukari na sabuni tulikuwa tukizisikia redioni. Tulikuwa tunalinda harufu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasomea ualimu Kyambogo, na kila Jumapili nilikwenda naye ziwani. Niseme wazi: hizo ndizo siku nilizompenda baba kuliko zote. Dukani alikuwa mzee aliyeinama. Akishika tanga alikuwa kijana, anaimba kaswida kwa sauti mbovu, anacheka maji yakimrukia usoni. Ndiyo sababu nilipandwa na hasira mashua ilipoanza kututoroka.

Mara ya kwanza tuliikuta kwenye mafunjo. Mara ya pili ilikuwa imeuparamia mtumbwi wa wavuvi. Mara ya tatu ilikwenda, na nanga yake inaburuzika nyuma, mpaka miguuni pa koplo aliyelinda mwalo wa mitumbwi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye bunduki na subira ndogo.

"Mzee," alimwambia baba, "hii boti yako natembea bila ruhusa. Jumapili ingine mimi nakuja asubuhi, nakaa mpaka saa kumi. Kama iko pahali yake, sawa. Kama imetoka, mimi napeleka kambini. Wewe usirudi kuuliza."

Kilichokwenda kambini hakikurudi, hilo hatukuhitaji kuelezwa. Chakula cha jioni baba alikitazama tu.

Kesho yake mbuzi wetu wa Idi aling'oa kigingi akaenda kutafuna ukili wa mama. Mama akamrudisha, akapigilia kigingi upya, akasimama akimwangalia. Mbuzi aliinua shingo akavuta kamba kwenda juu, na kigingi kikaanza kulegea. Mama akaikanyaga kamba karibu na kigingi. Mbuzi akavuta, akavuta, mpaka akapiga magoti. Kigingi hakikutikisika.

"Ssebo!" mama aliita. "Njoo uione nanga yako."

Baba alitoka na kalamu sikioni.

"Kamba ni nyepesi," alisema mama. "Mawimbi yanaivuta juu, nayo inainyanyua nanga. Panatakiwa kitu kizito kilale chini hapa, penye mguu wangu. Mhindi hakukuachia mnyororo kwa ajili ya mlango."

Baba alilitazama duka. "Na wezi?"

"Baba," nilisema, na adabu ilikuwa imenikimbia, "wataiba nini? Kufuli?"

Akanitolea macho. Nilidhani kofi linakuja. Badala yake akaingia dukani, tukasikia mlio wa chuma, akatoka ameuvaa mnyororo shingoni kama bwana harusi na shada lake.

Kazi tuliifanya uani. Upande wa nanga ulikuwa rahisi: pingu ya chuma ya kuunganishia, yenye msumari wa kuzungusha. Nikaubana ule msumari kwa waya wa kutundikia nguo, usije ukajifungua wenyewe majini. Upande wa kamba baba alipiga fundo kubwa, akarudi nyuma kulistaajabia. Mama akalifungua bila kuomba ruhusa. Aliivika pete ya mwisho ya mnyororo ngozi ya kiatu kikuukuu cha baba, chuma kisije kikaitafuna kamba. Akaufumua mwisho wa kamba ukawa nyuzi nene tatu, akazipitisha kwenye pete, kisha akazisuka kurudi ndani ya kamba yenyewe, juu moja, chini moja, kama anavyosuka ukili. Baba akaning'inia pale kwa uzito wake wote. Haikuteleza hata kidogo.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Sisi bahari iko damuni," mama alijibu.

Jumapili koplo alikuja kweli, na kiti chake. Upepo ulikuwa mkali. Baba alikaa ufukweni na tasbihi, nami nikisimama kila mashua ilipoinuka na kuvuta kama mbuzi, kisha ikatulia. Saa nne ikapita, saa sita, saa nane. Saa kumi koplo akapanda mtumbwi, akaifikia, akaivuta kwa mikono miwili. Haikuondoka.

"Sasa hii boti iko na adabu," alisema. Akaomba kuzungushwa ziwani. Baba akamzungusha, yeye na bunduki yake, mpaka akatapika.

Nyumbani mlango wa duka tulikuwa tumeufunga kwa kipande cha kamba kilichobaki. Tuliukuta wazi, fundo la baba limefunguka. Baba alisimama kizingitini, akahesabu kwa macho: viberiti vipo, chai ipo, mizani ipo. Na ndani ya sahani ya mizani amekaa kuku wetu mweusi, ambaye miezi ile yote alikuwa akienda kutaga kwa majirani. Akaruka kwa kelele. Baba akaliokota yai, bado lina joto, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mama wa watoto!" aliita. "Mzigo wa duka umefika!"