Nyuzi Nilizozikata kwa Koleo

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka kuanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, nilikuwa karani katika ofisi ya serikali hapa Dodoma, na mwisho wa wiki nilipiga besi katika bendi ndogo ya dansi. Gitaa halikuwa langu. Lilikuwa la mzee aliyenitangulia kwenye bendi, ambaye kiharusi kilimpoozesha mkono wa kushoto na kumwachia mguu wa kuburuta. Alinikabidhi gitaa hilo mbele ya mkewe.

"Piga, mwanangu," aliniambia. "Ila nyuzi usiziguse. Sauti yote imo humo."

Zilikuwa nyuzi za mtindo wa zamani, zimezungushiwa utepe bapa wa chuma, kidole kinateleza juu yake bila kukwaruzwa. Zilitoa sauti nene na fupi, unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Watu wazima walizipenda. Mimi nilizionea haya. Bendi za Dar es Salaam zilipita mjini kwetu na vinanda vipya na besi zinazolia kama kengele, na wenzangu wa ofisini wakaniuliza kama gitaa langu lina mafua.

Basi niliposafiri kikazi kwenda Dar nikanunua nyuzi mpya, zile zilizozungushiwa waya wa mviringo, zinazometameta. Nilikuwa na pupa ya kuzisikia. Za mzee sikuzilegeza hata kidogo. Nilizikata kwa koleo, moja baada ya nyingine. Mbili nikafungia mlango wa banda la kuku.

Jumapili iliyofuata mzee alikuja mazoezini alasiri, akaketi karibu na ngoma. Alisikiliza wimbo mmoja tu.

"Nyuzi zangu ziko wapi?"

"Zilikatika, mzee."

"Zote nne?"

"Kutu," nikasema.

Dodoma hii kavu, hata bati huchelewa kushika kutu. Lakini hakubisha. Alinishika bega kwa mkono wake mzima. "Pole sana. Kosa ni langu, nimekupa vitu vilivyochakaa. Nitakutafutia nyingine. Vipande si unavyo? Niletee nipime unene."

Nilikwenda nyumbani nikazifungua zile mbili kwenye mlango wa banda la kuku, nikaokota na nyingine mbili. Nikampelekea vipande vimefungwa kwenye gazeti. Macho yake yalikuwa yamefifia, akavipapasa kwa dole gumba na kusema, "Hivi hivi." Mkewe alikichukua kipande kimoja akakiangalia mwishoni, pale koleo lilipouma. Kisha akaniangalia mimi. Akakirudisha kwenye gazeti na kwenda kuniletea uji. Sijawahi kunywa uji mzito kama ule.

Nilidhani mzee ataulizia mjini, akose, aache. Hakuacha. Alipanda basi mpaka Kibaigwa, akakaa kutwa kwenye soko la mahindi akiwauliza madereva wa malori nani anakwenda Zambia, ambako alisikia nyuzi za aina ile bado zinauzwa. Akarudi tena wiki mbili baadaye kuulizia jibu. Kisha akaenda Kongwa, kwa sababu alisikia kwaya moja ya huko ina besi iliyovunjika shingo. Kila safari alinipa habari kwa furaha, nami nikamwambia, "Ahsante, mzee."

Siku aliyoniita nije na gitaa, seti mbili zilikuwa mkekani: mpya kutoka kwa dereva, na za kwaya zilizotumika.

"Chagua," akasema.

Nikaonyesha mpya. Akacheka. "Hizo zitakuwa tamu baada ya miaka mitatu. Za kwaya zimeshakunywa jasho la watu." Akavuta kila uzi, akaulinganisha na vipande vyangu, akaukataa ule mnene wa kwaya kwa kuwa ulikuwa umelegea, akachukua mnene mpya badala yake. Nilifunga yeye akielekeza. Nilipopiga, sauti ya zamani ikajaa chumba. Alifumba macho, akamwita mkewe aje asikie. "Mungu akubariki," akaniambia. "Mwingine angetupa vile vipande."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Sikuweza kumtazama. Nikaweka gitaa chini.

"Mzee, hazikukatika. Nilizikata mimi. Niliona zimepitwa na wakati."

Akavipapasa tena vile vipande kwa dole gumba.

"Ungesema tu huzipendi," akasema. "Ningekuelewa. Hata mimi nilikuwa kijana. Lakini ulinitazama nikipanda basi na mguu huu."

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akasema amenisamehe, na niliache gitaa pale. Tulifanya mazoezi mara mbili bila besi, wenzangu wakiniuliza kulikoni, nami nikisema liko kwa fundi. Uongo mwingine tena. Halafu mkewe alikuja ofisini kwangu nalo, limefungwa kwenye khanga. "Amesema muziki usilale," akaniambia, akaondoka bila kuketi.

Nilizipiga nyuzi zile miaka mingi. Watu walikuja kutusikiliza kwa ajili ya sauti ile, wakaniuliza niliipata wapi. Mzee naye aliendelea kuja mazoezini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Zamani kila wimbo ulipoisha alikuwa ananikosoa: umewahi, umechelewa, mwachie mpiga ngoma nafasi. Sasa nilipomwuliza nimepigaje, alijibu, "Vizuri." Hata siku nilizojua nimeharibu, alisema, "Vizuri, vizuri tu."