Upande wa Kushoto

Mama yangu mkubwa ni muuguzi wa zahanati, na kwa miaka kumi na moja hakumruhusu fundi yeyote aiguse pikipiki yake. Haukuwa ubahili. Idara ilikuwa imewatangazia wauguzi kwamba pikipiki yoyote mbovu ipelekwe yadi ikaguliwe, na kila aliyepita karibu na yadi hiyo aliona majani yalivyoota kati ya spoku za zile zilizotangulia kukaguliwa. Bila pikipiki hakuna kwenda vitongoji vya mlimani. Na bila mlima, alisema, yeye angekuwa karani aliyevaa gauni jeupe.

Kwa hiyo aliitunza mwenyewe, nyumbani, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya jiko. Kila baada ya miezi mitatu alitia grisi kwenye maungio ya nyuma. Gurudumu la nyuma hushikwa na mkono wa chuma wenye matawi mawili, na mkono huo umeungwa na fremu kwa pini moja ndefu inayopita kutoka kulia hadi kushoto, karibu na anapokanyagia dereva. Gurudumu likiingia shimoni, mkono hupanda na kushuka juu ya pini hiyo. Pini ikikauka hulika. Ikikatika, gurudumu litashika njia yake nawe utashika yako.

Mafundi hutumia pampu ya grisi. Yeye alitumia bomba la sindano, lile kubwa la kulishia wagonjwa kwa mpira. Alifungua kichuchu cha grisi, kile kizibo kidogo cha tundu la kutilia, kila upande, akaingiza ncha ya bomba tunduni, akasukuma taratibu kama anayempa mtoto dawa. Kulia, grisi ilijaa mpaka ikachungulia pembeni. Kushoto, bomba liligoma mapema na hakuna kilichochungulia. "Huku bado kumejaa," alisema kila mara, akafunga. Ndivyo alivyofundwa chuoni: dawa ikikataa kuingia, huishindilii. Watu mtaani walimwita Sindano, naye alilipenda jina hilo.

Pikipiki zilikuja mbili, siku moja, lori moja. Ya pili ilikuwa ya muuguzi mwenzake aliyestaafu, kisha ikarithiwa na binti mmoja mchangamfu ambaye kila mtu alimwita Kasuku, maana kimya kilimuwasha kama upupu. Mama mkubwa alimfundisha kuandika kadi, kupoza kasha la chanjo, na kutia grisi kwa bomba la sindano.

Jumamosi ninayoisimulia, zamu ya mlimani ilikuwa ya Kasuku. Saa moja asubuhi alisimama nje ya nyumba, injini ikiunguruma, kasha la chanjo limefungwa nyuma yake kwa mpira.

"Mama! Bado unalala na jua lote hili?"

"Nalala na huku nafua? Pita, utachelewa."

"Napita. Ila huyu naye leo anatingisha kiuno kwenye kona. Amejifunza kwa yako nini?"

Mama mkubwa alicheka. Yake ilikuwa imeanza wiki mbili nyuma: ukikata kona, nyuma inakwenda kidogo pembeni, kama mtu anayetaka kukuambia jambo halafu anaghairi. Ndiyo sababu siku hiyo aliamua kuifungua yote.

"Ukirudi iache hapa," alimwambia. "Nikimaliza yangu naishika yako."

"Saa tisa niko hapa. Uniwekee chai!"

Akaondoka. Kuna daraja la magogo kabla ya kuanza kupanda, na ukilivuka simu haishiki tena. Baada ya daraja ni mteremko mrefu wa mawe, ukuta wa udongo mkono mmoja na korongo mkono wa pili. Kupanda, hata pikipiki mbovu itapanda. Shida ni kushuka.

Mama mkubwa aliinua pikipiki juu ya kreti la soda. Akatoa gurudumu, akalegeza mnyororo, akafungua boliti za shokamzoba. Kila kitu alikipanga kwenye trei, kwenye kitambaa safi, kwa mpangilio wa kutoka kwake, kama vifaa vya kushonea kidonda. Baba mkubwa, mwalimu mstaafu, alikuwa kibarazani akisahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu, kama desturi yake.

"Leo umemvua mpaka kofia," alisema.

"Mwalimu, kama huna kazi njoo ushike tochi."

"Kazi ninayo. Humu wameandika 'wanainchi' mara tatu."

Nati ya pini ilifunguka bila taabu. Pini yenyewe ilikataa. Kwa kawaida, alivyosikia, pini hutoka kwa kusukumwa na kidole. Akaisukuma kwa kidole, kwa bisibisi, kwa mpini wa nyundo. Haikusogea. Akaimwagia mafuta ya taa, akangoja. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Akaweka kipande cha mbao akagonga, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Baba mkubwa aliacha gazeti.

"Bibie, hiyo si ya kugonga hivyo."

"Najua."

"Kama unajua mbona unagonga?"

Kabla hajajibu, pini ililia. Sauti kavu, fupi, ya chuma kikisuguana na chuma. Ikaanza kutoka, nusu yake ya kulia kwanza: inang'aa, imejaa grisi nyeusi, nzuri ya kumwonyesha mtu. Mama mkubwa alipumua. Ndipo ikaja nusu ya kushoto.

Ilikuwa nyekundu kwa kutu kutoka mwisho hadi katikati, na mahali pamoja ilikuwa imelika ikawa kama kiuno cha nyigu. Ndani ya bushi, ule mrija wa chuma inamopita pini, hapakuwa na alama ya grisi. Ulimwagika unga, mwekundu kama pilipili ya kusaga, ukatulia kwenye kitambaa safi. Akachukua njiti, akachokonoa tundu la kichuchu cha kushoto. Likatoa donge gumu la tope la miaka na miaka. Bomba halikuwa likigoma kwa sababu ndani kumejaa. Liligoma mlangoni. Mle ndani hakikuwahi kuingia kitu.

Alikaa chini sakafuni, pini mapajani. Baba mkubwa alidhani anaililia pikipiki.

"Pole. Chuma kinanunuliwa," alisema.

"Mwalimu, saa ngapi?"

"Saa nane kasorobo."

"Ya Kasuku hutiwa hivi hivi. Nimemfundisha mimi, kwa bomba hili hili."

Baba mkubwa aliitazama pini, akatazama mlimani, kisha akaingia ndani kumtafutia viatu bila kuambiwa. Mama mkubwa alipiga simu. Namba unayopiga haipatikani. Akapiga tena ingawa alijua. Pikipiki yake ilikuwa vipande ishirini na viwili kwenye trei, vimepangwa vizuri mno, na hakuna hata kimoja ambacho kingempeleka popote.

Alifika kituo cha bodaboda akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Dereva wa kwanza kwenye foleni akaanza utani.

"Leo Sindano anapanda ya watu! Dunia imekwisha?"

"Washa. Nipeleke mlimani. Usiniulize."

Dereva alimwona usoni, akawasha. Walivuka daraja la magogo. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko mama mkubwa alimwambia asimame, azime. Alitaka kusikiliza. Palikuwa kimya, hata ndege, aliniambia, hakuwasikia. Akatangulia kwa miguu, mkono mmoja ameshika ukuta wa udongo. Alitazama chini kwenye vichaka kila hatua, akiogopa kuona weupe wa gauni.

Kisha, juu sana, injini.

Ilikuwa inashuka kwa gia ndogo, ikinguruma, ikinyamaza kwenye kila kona, na kila iliponyamaza alihesabu. Moja, mbili, tatu. Ikarudi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikarudi. Alisimama katikati ya njia, mikono juu.

Kasuku alitokea, na hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwa mwanamke na mtoto mgongoni, na kasha la chanjo limebebwa mapajani.

"Mama! Umekuja kunipokea? Huyu mtoto ana homa, nikasema nisimwache..."

"Shukeni. Polepole. Wote shukeni upande wa ukuta."

Alisema kwa sauti ya wodini, ile isiyobishiwa. Mwanamke na mtoto wakapandishwa bodaboda pamoja na kasha, wakaondoka. Mama mkubwa akachuchumaa, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalivuta kuelekea kwake. Likaja. Likaja upana wa vidole viwili, likatoa ile sauti kavu, na unga mwekundu ukadondoka kwenye jiwe.

Kasuku aliinama, akaugusa ule unga kwa kidole.

"Nani alikufundisha kutia grisi?" mama mkubwa aliuliza.

"Wewe, mama."

"Nilikufundisha vibaya. Upande wa kushoto haikuwa inaingia. Miaka yote. Ungekufa kwa mkono wangu, wewe na yule mtoto."

Kasuku alikaa kwenye jiwe. Aliangalia korongo, akaangalia mikono ya mama mkubwa, akaanza kujifuta jasho kwa ukosi wa gauni.

"Mama," alisema, "kwenye semina ya mwaka juzi, wale wa zahanati za ng'ambo ya mlima waliniuliza mbona pikipiki zetu haziharibiki."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaonyesha. Nikawagawia na mabomba."

"Wangapi?"

"Tisa."

Mama mkubwa alitoa simu. Kwenye kioo hapakuwa na hata kijiti kimoja cha mtandao. Akaiacha pikipiki imeegemea ukuta, akamshika Kasuku mkono, wakaanza kushuka mbio kuelekea darajani, simu ameiinua juu, akiitazama kuliko alivyotazama njia.