Hajafukuzwa, Hajaitwa

Ipo asubuhi moja ambayo ninaikumbuka hadi leo, mwanangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba ya Kihanga, nami nilikuwa njiani kwenda kazini nikiwa nimejaa hasira. Nilikuwa mke wa mtu, bado kijana, na nilikuwa nimemwambia mume wangu, Rwekaza, kwamba Jumapili baba yangu atakuja kunichukua, na kwamba nitakwenda naye.

Nikueleze kwanza kazi yenyewe. Kiwanda chetu kilikuwa cha kukoboa kahawa. Wanaume walibeba magunia, mashine ikakoboa, na sisi wanawake tuliketi kwenye turubai kubwa, kila mmoja na ungo wake, tukitoa punje nyeusi na zilizovunjika. Rwekaza naye alikuwa mbeba magunia, lakini katika kiwanda kingine, upande wa Nyakasimbi. Baba yake alipougua, aliacha kazi akaenda kumuuguza. Hatukuogopa. Siku zile kuacha kazi lilikuwa jambo dogo. Mtu aligombana na nyapara asubuhi, na jioni ungemkuta kwenye mzani wa kiwanda kingine, anacheka.

Mgonjwa alipopona, Rwekaza alirudi. Lakini huku nyuma bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Kila siku aliondoka na ngata yake, ile ya kuwekea gunia kichwani, na kila siku aliirudisha ikiwa safi kama alivyoichukua.

Mimi nilikuwa ndani, mwanangu, na nilipima dunia kwa turubai letu. Nililitazama, nikaliona limejaa. Hakuna aliyefukuzwa. Nikajiuliza, kama kazi zimekwisha, mbona sisi tupo? Wenzangu nao hawakunisaidia. Adelina, aliyeketi karibu nami, alikuwa na mimba kubwa na mdomo mkubwa kuliko mimba. Alipenda kuniuliza kama mume wangu ameshaota mizizi kule nyumbani, aniletee samadi. Tulicheka sote. Kisha kicheko kile nilikibeba hadi kwangu, na kilipofika mlangoni kilikuwa kimegeuka uchungu.

"Kwetu hajafukuzwa hata mtu mmoja," nilimwambia Rwekaza.

"Najua," alisema. Akachukua ngata yake akatoka. Nikaona ni kiburi, ndipo nikatuma ujumbe kwa baba.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Adelina hakuja. Habari ikatufikia kwamba amejifungua mtoto wa kike, tukapiga vigelegele. Mahali pake palibaki wazi, nami nikawa napatazama, maana nilitaka nikamwambie mume wangu kwamba nimeona kwa macho yangu mtu akiitwa kazini. Katika misimu mizuri, nyapara wetu Sudi, mtu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, angekwenda getini mara moja, na kabla umande haujakauka mwanamke mgeni angekuwa ameketi pale. Siku ile alisimama mbele yetu, akaliangalia lile pengo, akasema kwa upole, "Sogeeni kidogo, mama zangu."

Tukasogea. Mimi niliyekuwa jirani nilivuta ungo wangu nikakaa mahali pa Adelina, na pengo likapotea.

Nikamuuliza Sudi kama haiti mtu.

"Nimwite wa nini, na bei imelala namna hii? Tajiri kasema tubaki na waliopo." Kisha akashusha sauti, kana kwamba nimemshtaki. "Lakini mimi simfukuzi mtu, mama. Mungu ananiona. Siiti tu."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Nilimkumbuka binti aliyekwenda kuolewa, nikamkumbuka bibi aliyeshindwa na mgongo. Walipoondoka, tulisogea vilevile. Nilidhani tumepata nafasi ya kunyoosha miguu.

Mchana nilitaka kuona kama wapo wanaongoja kuitwa, nikatoka kwa geti la nyuma, la magari, ambalo sisi wanawake hatukulitumia. Wanaume walikuwa wameketi kandokando ya ua, kimya, kila mmoja na ngata yake. Rwekaza alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amechagua geti lile ili wenzangu wasimwone wakapata la kusema. Aliponiona aliinuka kwa aibu, akaniuliza kama nimekula. Niliketi chini kando ya mahali alipokuwa amekaa, naye akaketi tena.

Jumapili baba alifika kutoka Nyakakika na fimbo yake ya kuchungia. Rwekaza alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akabaki amesimama. Baba aliuliza moja kwa moja, "Wamemfukuza kwa kosa gani?"

"Hawajamfukuza, baba," nilimjibu. "Hawaiti mtu."

Baba alikuwa mfugaji, na jambo lile alilipeleka zizini kwake. "Ni kama mwaka usio na ndama," alisema. "Hafi ng'ombe kwa ugonjwa, unauza wale wa kila mwaka tu, na bado zizi linapungua." Kisha akamgeukia Rwekaza. "Mkwe wangu, nipe maji ninawe. Nikishakula nitarudi kwangu."

Akarudi peke yake.

Rwekaza aliitwa bei ilipopanda. Si kwamba siku hiyo alikuwa ameacha uvivu.

Mwanangu, leo nawaona vijana wa Kayanga na wa Nkwenda wameketi na vyeti vyao, na ndugu zao wanawaambia maneno yaleyale niliyoyasema mimi. Biashara inapodorora, wanaofukuzwa huonekana upesi, nao wanastahili huruma. Lakini watu huondoka makazini kila mwaka, na katika miaka mizuri huondoka zaidi, kwa kuwa wana pa kwenda. Mwaka mbaya, aliye ndani anang'ang'ania alipo, na mahali pa aliyeondoka hapajazwi. Ndiyo maana walio nje wanazidi kuwa wengi, na muda wao wa kungoja unarefuka, hata pale ambapo hakuna bosi aliyemfokea mtu.

Basi ukiwa nje, endelea kubisha, ila usikubali kuambiwa kwamba wewe ndiwe uliyeharibika. Ukiwa ndani, na mwenzako akiondoka, usiharakishe kutandaza vitu vyako mahali pake. Mtajie kwanza nyapara jina la mtu unayemjua anayetafuta kazi. Na kama unaishi na anayetafuta, mwekee maji ya kuoga jioni kama unavyomwekea aliyetoka kazini, maana naye amechoka.

Mungu akupe kazi ya kukuchosha bila kukuvunja, na siku ambayo huna kazi, akupe watu wanaofurahi kukuona ukiingia. Nami nakuombea hivyo kila nisalipo, mwanangu.