Dua Yetu Ndani ya Ripoti Yao

Kuna biriani niliyoila Likoni ambayo hata leo nikiikumbuka nasikia kichefuchefu, na mpishi hana kosa. Ililetwa na kampuni inayotaka kuchimba gesi baharini. Mimi, mwalimu wa sayansi kutoka Changamwe, niliitwa kuwa mkalimani wa mkutano wao na wananchi.

Injinia wao alieleza kwamba gesi hiyo hutoka chini ikiwa imechanganyika na hewa ya kaboni, ile inayozidisha joto duniani. Badala ya kuiachia angani wataitenga, waishindilie, wairudishe chini ya sakafu ya bahari ikae huko milele. Nikatafsiri kwa mbwembwe, nikapigiwa makofi. Hakutaja kwamba gesi yenyewe itauzwa ikachomwe kwingine, na moshi wa huko hakuna atakayeufukia ardhini. Nilijua, nikanyamaza.

Mama yangu mdogo, anayevua pweza mwambani tangu usichana wake, alisimama.

"Mwanangu, muulize huyo bwana. Bomba lao si litapita pale mwambani? Sisi tutavua wapi?"

Injinia akajibu kuwa mwamba utafungwa wakati wa ujenzi, na kwamba tutashauriwa.

"Mwambie mimi sitaki," akasema mama mdogo. Nikamwambia. Injinia akatabasamu, akaandika kitu.

Kama ilivyo ada yetu, mkutano ulifungwa kwa dua. Imamu wa mtaa akaiombea bahari yetu salama, nasi tukainua mikono na kuitikia amina. Mpiga picha wao alikuwa akizungukazunguka nyuma yetu. Nilidhani anatafuta kivuli.

Ripoti yao ya mkutano ilipotoka, picha ilikuwa ukurasa wa mbele: migongo yetu, mikono juu. Chini yake waliandika, kwa Kiingereza, kwamba wakazi wamenyoosha mikono kuukubali mradi. Uchafu mtupu! Watu wanaojigamba kusafisha hewa ya dunia nzima wameshindwa kuandika sentensi moja safi.

Nilimpelekea mama mdogo nyumbani kwake. Nilimwamkia, akaniitikia, akaitazama picha mpaka akaliona buibui lake. Nikamtafsiria maneno ya chini yake.

"Wallahi mimi nilikuwa namuomba Mungu awazuie," alisema. "Wapigie. Waambie kwa hicho Kizungu chao wayafute."

Nikapiga pale pale. Mwanamke aliyepokea alikuwa na upole wa kuudhi. Muda wa pingamizi umekwisha, alisema, na mwamba utafungwa mwezi ujao. Kisha akaniuliza kama ningeweza kuwakalimania mkutano mwingine, Kisauni. Huo nao utafungwa kwa dua, kwa sababu watu wa pwani ni wacha Mungu na picha zao zinapendeza sana.

Matusi yalinijaa mdomoni. Nilitaka kumtapikia yote. Badala yake nikajisikia nikimuuliza mkutano utaanza saa ngapi, na mama mdogo amekaa kando yangu, ananisikiliza.